Harufu ya Mpira Unaoungua

Injini ya gari la Gavril ilikataa kupata moto, na sababu yake kijiji kizima kiliijua. Kiangazi kilichopita, wakati wa kukata nyasi za farasi, rejeta ilichemka katikati ya mbuga. Gavril kwa hasira akafungua thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, akakitupa majanini. Rejeta ikaacha kuchemka, Gavril akajiona fundi. Sasa ilikuwa Desemba, baridi hamsini chini ya sifuri. Maji yalizunguka ovyo na kupoa yanavyotaka, na hita ilipuliza hewa ya kaburini ndani ya gari lenye mke na mtoto.

"Weka thamostati, bwana," watu walikuwa wanamwambia tangu vuli.

"Gari linakwenda au haliendi?" alikuwa anawajibu. "Linakwenda. Basi, niacheni."

Badala ya thamostati aliweka katoni. Aliiomba dukani, katoni ya ndizi, akaifunga kwa waya mbele ya rejeta ili upepo usiingie, picha za ndizi za manjano zikitazama nje. Lile gari, ambalo huku kwetu kwa umbo lake tunaliita Mkate, likapata jina jipya: Mkate wa Ndizi. Watoto walilipigia kelele likipita. Gavril alicheka nao, akapiga na honi. Thamostati hakununua.

Siku ile walikuwa wanatoka mjini, walikompeleka Saina kung'olewa jino. Vioo vyote vilikuwa vimeganda kwa ndani, barafu nene kama ukoko wa wali, na Gavril alikuwa ameinama kwenye usukani akichungulia barabara kupitia tundu la ukubwa wa kiganja. Kila baada ya muda alilipulizia kwa mdomo, akalikwangua kwa kucha. Nje kulikuwa na ukungu wa baridi, ule mweupe usiosogea, na mwanga wa jioni ulikuwa unakwisha.

"Gavril, simama ulikwangue vizuri," alisema mkewe, Tuyaara. Miguu yake alikuwa haisikii tena.

"Tukisimama hapa injini inapoa. Ikipoa haiwaki mpaka theluji iyeyuke. Unataka tulale huku?"

"Nataka uone unakokwenda."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Barabara, mke wangu. Naona barabara. Nyamaza kidogo nisikilize injini."

Nyuma yao Saina, wa miaka sita, alikuwa na mchezo wake. Alikuwa anapasha sarafu joto kiganjani, anaibandika kwenye barafu ya kioo cha pembeni, anaihesabia, anaibandua. Pakibaki tundu la duara, anaweka jicho.

"Mama, nina dirisha langu."

"Vizuri. Vaa glavu."

Walipinda kona ya msitu.

"Mama, jua liko chini."

"Jua limeshazama, mwanangu."

"Lipo! Dogo, jekundu. Liko pale pa... aa, limeondoka."

Tuyaara hakugeuka, kwa sababu pua yake ilikuwa imeshika kitu kingine. "Gavril. Unasikia harufu? Kama mpira unaungua."

Gavril alivuta pumzi. Uso wake wote ukafunguka. "Mpira! Kweli! Huo ni mkanda wa feni, au bomba la rejeta. Injini inapata moto, Tuyaara! Nilikwambia katoni itafanya kazi, sikukwambia?" Akaipiga dashibodi kofi la mapenzi, kama anampiga farasi shingoni. "Haya, mama, pata moto! Pata moto!"

"Si tusimame tuangalie kisije kikaungua kitu?"

"Tuangalie nini? Acha iungue kidogo! Miezi mitatu naomba iungue!"

Harufu ile haikukaa. Mshale wa joto haukupanda hata unywele mmoja. Gavril alisema mshale ni mbovu, akaendesha mpaka nyumbani akiimba. Mama yake, Akulina, aliwavua mabuti mmoja mmoja na kuwasugua miguu, akimtukana mwanawe kwa sauti ya chini na kumsifu Mungu kwa sauti ya juu.

Siku ya pili, mchana, Akulina alikuwa anakaanga chapati za maziwa mgando. Kipande cha kwanza katika nyumba ile hakikuliwa na mtu. Akulina alifungua mlango wa jiko la kuni, akakitupa motoni kumlisha roho wa moto, kama mama yake alivyofanya na bibi yake kabla yake. Wengine wakimlisha moto wanaomba ng'ombe wazae na watoto wakue. Akulina aliomba neno moja tu, na alikuwa analiomba kila siku tangu akiwa na mimba ya Gavril.

"Aliyempita Yegor wangu, naye apitwe. Yeye na watoto wake."

Yegor alikuwa mumewe. Lori lake lilizimika barabarani, na walipomkuta amekwisha kuwa jiwe, pembeni yake kulikuwa na alama mpya za magurudumu ya lori jingine. Mtu alikuja, akapita, akaenda zake. Nani, haikujulikana. Gavril alikua akiisikia dua ile kabla ya chakula jinsi watoto wengine wanavyosikia nawa mikono.

Mlango ulisukumwa, ukungu ukaingia, na ndani ya ukungu alikuwa Fevronia, jirani yao, ambaye habari yoyote ya kijiji hupitia kwake kwanza. Hakuvua hata shali.

"Mmesikia ya Prokopi?"

Prokopi alikuwa mtia makaa wa boila ya shule, tanuri linalopasha madarasa joto, mtu mpole, mrefu, asiyependa maneno mengi.

"Amefanyaje?" aliuliza Gavril.

"Yuko hospitali mjini. Mkono wa kulia. Vidole vinne, madaktari wanasema havifai tena. Wanasubiri tu waone wakate mpaka wapi."

"Jamani!" Akulina aliweka mwiko chini. "Boila imemuunguza?"

"Boila gani! Baridi! Jana jioni alikuwa anarudi, gari likamzimikia kona ya msitu. Simu pale hakuna mtandao, mnapajua. Glavu moja imelowa petroli akihangaika na injini. Basi akachukua gurudumu la akiba, akalichoma, apate moto na watu waone. Akawa anarukaruka pale kando ya moto. Mara gari hilo." Fevronia alinyoosha mkono. "Linakuja. Prokopi akapunga mikono yote miwili."

"Likasimama," alisema Akulina.

"Likapita."

Mafuta peke yake ndiyo yaliyokuwa yanalia kwenye kikaango.

"Likapita?" Gavril aliuliza polepole.

"Likapita! Nusura limkanyage! Halikupunguza mwendo wala halikupiga honi. Lori la makaa ndilo lililokuja kumwokota, baadaye sana, keshaanza kusinzia."

Niseme hapa kitu kimoja, kwa sababu mimi nimekulia kwenye barabara hizi. Huku kwetu mtu anaweza kukuibia farasi, akamtoroka mkewe, akala fedha za shule, na baada ya miaka miwili mitatu mtamsalimia. Lakini kumpita mtu aliyesimama barabarani wakati wa baridi, hapana. Hata adui yako unasimama, unampakia, mnatukanana mpaka kijijini. Fevronia alikuwa anatetemeka, na si kwa baridi.

"Gari la nani?" Gavril alikuwa amesimama.

"Anasema hakuliona vizuri. Ukungu."

"Litajulikana! Gari halifichiki! Mimi nitazunguka nyumba kwa nyumba, haki ya Mungu, nitamtoa mtu huyo mbele ya watu wote. Huyo si mtu. Baba yangu alikufa kwa mtu kama huyo!"

"Ungekuwa wewe, ungesimama," alisema Fevronia.

"Ningesimama? Ningembeba mgongoni!"

Tuyaara alikuwa anamimina chai kwenye bakuli. Alikuwa amesikia gurudumu, na akaendelea kumimina. Alikuwa amesikia kona ya msitu, na akaendelea kumimina. Lakini kichwani mwake yale maneno yalikuwa yanasogeleana yenyewe, mpira, jioni, jua dogo jekundu liko chini, na chai ikafika ukingoni, ikamwagika mezani, ikaanza kudondoka sakafuni. Mkono wake haukujua kuacha.

Akulina alikata kipande kingine cha chapati. "Huyu namuweka pamoja na yule wa Yegor," alisema. "Mmoja au wawili, moto ni mmoja."

"Nipe mimi, mama." Gavril alikichukua kipande mkononi mwake. Hakuwahi kufanya hivyo tangu azaliwe. Alifungua mlango wa jiko, uso wake ukawa mwekundu kwa makaa. "Aliyempita Prokopi, naye apitwe. Yeye na wat..."

"Gavril, acha!"

"...oto wake," akamaliza, na kipande kikaingia motoni.

Wote wakamgeukia Tuyaara.

"Nini?" aliuliza Gavril.

"Chapati," alisema Tuyaara. "Ilikuwa ya moto. Nilidhani utaungua."

Fevronia alipoondoka kuipeleka habari nyumba ya pili, Gavril alitoka kwenda kuiamsha injini, maana huku gari lisipowashwa mara kwa mara linakufa. Lilikuwa limefunikwa blanketi zito la manyoya. Yeye alikuwa amelala chini yake juu ya gunia, akipasha mafuta ya injini kwa bomba la moto lililokuwa likivuma kwa nguvu. Tuyaara alikuja akasimama karibu na miguu yake.

"Zima hilo bomba."

"Siwezi kulizima sasa. Sema."

"Zima, Gavril."

Alilizima. Kimya cha baridi kikaingia masikioni.

"Ile harufu ya jana," alisema Tuyaara. "Ya mpira."

"Ilikuwa mkanda."

"Ilikuwa pale kona ya msitu."

Miguu ya Gavril haikusogea. "Ilikuwa mkanda wangu," alisema kutoka chini ya gari.

"Saina aliona moto. Alisema jua liko chini. Dogo, jekundu. Tukamwambia limeshazama."

Gavril alitoka kinyumenyume, akasimama, theluji imejaa mgongoni. Alikuwa amekasirika, na Tuyaara alijua kuwa hasira ile ilikuwa ya mtu anayeogopa. "Wewe unataka kuniua? Unajua unachosema? Unamwambia mwana wa Yegor kwamba amempita mtu? Mimi? Ngoja. Ngoja nikuonyeshe."

Akalitupa blanketi pembeni, akafungua boneti. Aliushika mkanda wa feni, akaupitisha wote kati ya vidole vyake, upande wa juu na upande wa chini. Ulikuwa mzima. Akashika bomba la juu la rejeta, bomba la chini, bomba la hita, akiyakunja na kunusa kila kiungo kama mbwa. Yote mazima. Akaikagua katoni, labda imegusa mahali pa moto. Ndizi zote zilikuwa pale, za manjano, hakuna hata moja iliyobadilika rangi. Alivua glavu, akaingiza mkono mtupu ndani kabisa, akitafuta kitu kilichoungua. Hakuna mtu aliyepata kuomba gari lake liwe limeharibika kama alivyoomba Gavril mchana ule.

"Gavril, mkono wako."

"Kipo. Kitu kipo. Lazima kiwepo."

"Hakuna, baba Saina. Injini haikupata moto jana. Mshale haukupanda."

Aliutoa mkono. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe. Aliviangalia, na hapo ndipo alipoelewa, na akavificha kwapani kana kwamba ameviiba.

"Nilikuwa naimba," alisema. "Tuyaara, nilikuwa naimba." Halafu akakumbuka la pili, akageuka kuitazama nyumba, bomba lake la moshi likitoa moshi ulionyooka. "Na kile nilichosema motoni. Watoto wake. Nimemtaja Saina."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Maksim, mume wa Fevronia, mwenye vipuri vya zamani vya Mkate. Maksim alipomwona mlangoni alicheka mpaka akakohoa.

"Mkate wa Ndizi! Leo umekubali kushindwa? Njooni muone jamani, Gavril anaomba thamostati!"

"Naomba thamostati," alisema Gavril.

"Sema tena, sijasikia vizuri."

"Naomba thamostati, Maksim."

Maksim aliacha kucheka. Alimpa, asiulize tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na udogo wake ndio uliomtia Gavril uchungu. Alifungua boliti, akatia kile kidude kisichojaza kiganja, akafunga, akajaza maji. Akaiacha injini ingurume polepole. Mshale wa joto uliamka, ukapanda, ukatulia katikati, mahali ambapo haujawahi kufika tangu kiangazi. Hita ikaanza kupuliza hewa ya moto. Barafu kwenye vioo ikalegea, ikateremka vipande vipande, na nyuma yake dunia ikatokea yote. Tuyaara alikuja akakaa, na hakuna aliyesema kwamba gari sasa ni zuri.

Walimwachia bibi mtoto, wakaondoka kwenda hospitali mjini. Kwenye kona ya msitu Gavril alipunguza mwendo. Kupitia kioo kilichotakata aliliona gari la Prokopi, limevikwa theluji, na pembeni yake doa jeusi na waya za gurudumu zilizobaki. Gari hilo lilikuwa karibu na barabara kiasi kwamba mtu angeweza kunyoosha mkono dirishani akaligusa. Kati ya doa na njia ya magari palikuwa na theluji iliyokanyagwa, duara zima, mahali mtu aliporukaruka. Gavril alisimamisha gari hapo.

"Nilidhani nilikuwa mbali," alisema. "Usiku kucha nilikuwa najiambia labda alikuwa mbali."

Prokopi alikuwa kitanda cha dirishani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka ukawa bonge. Aliwaona wakiingia, akavuta miguu kuwapa nafasi, kisha akamtazama Gavril usoni, wala hakuuliza wamefuata nini.

Gavril alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yalimkimbia. "Prokopi, ndugu yangu," alisema. "Ni mimi."

"Najua."

"Hapana, sikia. Lile gari. Lile lililokupita..."

"Najua, Gavril. Niliona ndizi."

Tuyaara alijishika mdomo. Gavril alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa.

"Uliwaambia watu hukuliona vizuri."

"Kuna Mikate mingapi kijijini yenye ndizi puani?" alisema Prokopi. "Niliona, nikafurahi. Nikasema, afadhali, ni Gavril, mwana wa Yegor, huyu hata awe mgonjwa atasimama. Nikaacha hata kupunga. Niliacha kupunga, unaelewa? Nilidhani umeshaniona."

"Vioo viliganda. Thamostati... Tulisikia mpira, nikadhani ni injini yangu. Nilifurahi, Prokopi. Haki ya Mungu, nilidhani injini inapata moto."

Prokopi akatoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko kama mtu mwingine angekuwa ameitoa. "Gurudumu langu," alisema. "Gurudumu langu ulidhani ni injini yako."

"Kwa nini hukumtaja?" aliuliza Tuyaara, kisha akajirekebisha. "Kwa nini hukututaja?"

"Nikiwataja, halafu nini? Siku moja gari lenu litazima. Na kwa injini ile litazima tu. Atakuja mtu, ataziona hizo ndizi, atasema, kumbe ni wale. Atakanyaga mafuta." Alimgeukia Gavril. "Wewe ningekuacha. Sikufichi, juzi usiku ningekuacha ulale huko huko. Lakini mtoto yumo."

"Ulijuaje kama mtoto yumo?"

"Nilimwona. Nyote mlikuwa mmejifungia kwenye barafu kama samaki, lakini pembeni kulikuwa na kitundu kidogo hivi, duara. Na ndani yake jicho. Jicho la mtoto, linaniangalia." Aliinua mkono mzima, wa kushoto. "Nikampungia."

Tuyaara alianza kulia hapo. Gavril alitaka kuushika ule mkono mzima, akaogopa.

"Prokopi, nisamehe..."

"Usiniombe leo. Leo mkono unauma sana." Prokopi aligeukia dirisha. "Njoo siku nyingine. Na mdomo wako ufunge, nimeshawaambia watu sikuliona. Yameisha. Utaharibu nini tena?"

Walipofika nyumbani Akulina alikuwa mbele ya jiko, na sinia la chapati lilikuwa mezani, limejaa, linatoa moshi. Fevronia alikuwepo pia, bakuli la chai mkononi, kwa sababu alikuwa ameona gari likitoka na hakuweza kuvumilia asijue limekwenda wapi. Saina alikuwa chini, anacheza na sarafu yake.

"Mmemwona?" Fevronia aliruka. "Amesemaje? Amelikumbuka lile gari?"

Tuyaara alimtazama mumewe. Wangeweza kusubiri dakika kumi, Fevronia amalize chai, aondoke. Gavril alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba neno likisemwa mbele ya Fevronia, kabla ya giza kuingia litakuwa limefika boila, dukani na kwa Maksim. Alivua kofia yake ya manyoya, akaishika kifuani.

"Mama," alisema. "Aliyempita Prokopi ni mimi."

Akulina alitabasamu, kwa sababu alidhani ni mzaha mbaya. Kisha akaona uso wa Tuyaara.

"Vioo viliganda, mama. Sikumwona. Nilisikia harufu ya gurudumu lake nikadhani ni injini yangu. Nilipita karibu naye hivi, kama hapa na jiko. Sikumwona."

Fevronia aliweka bakuli mezani taratibu sana. Alifungua mdomo. Hakuna aliyewahi kumwona Fevronia akifungua mdomo na kuufunga bila kutoa neno, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alivaa shali yake, akatoka, glavu zake zikabaki kwenye benchi.

Akulina alikuwa bado anamtazama mwanawe. "Ulikuwa huoni kabisa?"

"Tundu tu. Kama kiganja."

"Na wa Yegor..." alisema. Malori ya wakati ule hata hita hayakuwa nayo. Hilo alilijua tangu zamani, kila mtu alilijua. Hakuwa ameliweka karibu na kifo cha Yegor hata siku moja. "Na yule wa Yegor," alianza tena, na sauti yake ikawa ya mtu anayeuliza njia, "huenda naye alikuwa anachungulia tu?"

Aligeuka kwenye jiko, akafungua mlango, akachukua kipande cha chapati, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika na mkono ulikuwa unajua kazi yake. "Aliyempita..." mdomo wake ulianza wenyewe.

Ukakwama hapo. Akulina alitazama chini. Saina alikuwa ameibandika sarafu kwenye jicho moja, anamchungulia bibi yake kwa jingine, anacheka.

Kipande kilimtoka, kikaanguka motoni bila neno. Akachukua chapati nzima, akaitia. Akachukua ya pili. Alikuwa anamlisha moto kwa mikono miwili, haraka, kama mtu anayejaribu kununua tena kitu alichokwisha kukiuza, na midomo yake haikusema chochote, maana hakujua maneno ya kufuta yanasemwaje.

"Bibi, tutakula nini?" aliuliza Saina.

Gavril alipiga magoti kando ya mama yake. Akawa anampokeza chapati, moja baada ya moja, mpaka sinia likawa tupu. Jioni ile nyumba yao ilikunywa chai kavu. Nje injini ilikuwa inanguruma vizuri, imepata moto.